Sungura kwa Haradali

Jirani yangu wa mlango wa pili alitoka Bukavu na watoto wawili, na kwa karibu mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Tulijuana kwenye lifti ya jengo letu pale kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch, huku ughaibuni, aliponisikia nikinung'unika kwa Kiswahili kwa sababu ilikuwa imekwama tena. Kiingereza hakukijua. Kliniki, shuleni kwa watoto, ofisi ya uhamiaji, kote nilikwenda naye. Mimi nikizungumza, yeye alitazama mikono yake. "Anasemaje?" waliniuliza, kana kwamba hayupo.

Alipopata karatasi za ukaazi nikataka kumpongeza. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa akiusifia mgahawa mdogo wa Kifaransa katikati ya mji, wa mzee mmoja na mkewe. Nikaona utamfaa mama huyu, kwa kuwa Kifaransa anakijua. Zaidi ya hapo sikufikiria kitu.

Tulikwenda Jumamosi mchana, theluji ikiwa imegeuka tope barabarani. Watoto tuliwaacha kwa mama mmoja wa kanisani. Mgahawa wenyewe ulikuwa na meza chache zilizobanana, vioo vimejaa mvuke, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi. Jirani yangu alikaa na koti lake.

"Mwanangu, hapa ni pa watu wakubwa," akaninong'oneza.

"Na sisi leo ni wakubwa, mama. Vua koti."

Mzee mwenye mgahawa akaja na aproni yake ndefu, akatuonyesha ubao ulioandikwa vyakula kwa chaki. Nikajaribu kusoma kwa sauti. Sikufika mbali. Mzee alinisubiri kwa upole, lakini nilihisi masikio yanawaka moto.

"Wacha miye niseme naye," jirani yangu akasema.

Akanyoosha mgongo, akamuuliza mzee swali kwa Kifaransa, kisha jingine. Mzee akacheka, akavuta kiti, akaketi. Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa hadi kwenye viti vya nyuma. Ndipo nilipojua, kwa kuwa mzee aliuliza naye akanitafsiria jibu, kwamba kwao alikuwa mwalimu wa darasa la sita. Mwaka mzima nilikuwa nimemsemea mtu huyu, na hilo sikulijua.

"Nimeagiza sungura," akaniambia. "Bibi yake anamupika na haradali. Bwana yangu alikuwa anafuga sungura."

Hakuwa amewahi kumtaja mumewe mbele yangu.

Chakula kilipokuja alikitazama kwanza, kisha akala taratibu, akipangusa mchuzi kwa mkate. Mke wa mzee akatoka jikoni, uso umemwiva kwa joto la jiko, akasimama karibu nasi. Jirani yangu akawasimulia, huku akinitafsiria vipande vipande, kwamba mumewe hakuweza kuchinja. Aliwapa sungura wake majina, na siku ya kuchinja alimwita jirani yao wa kule achinje, yeye akaingia ndani, akafungulia redio kwa sauti ya juu mpaka kazi iishe. Halafu alikuwa wa kwanza kukaa mezani! Tukacheka wote, hata watu wa meza ya pili wakatugeukia.

Mzee akauliza swali fupi. Jirani yangu akajibu kwa maneno machache, na hayo hakunitafsiria. Mama wa jikoni akamwekea mkono begani, akauacha hapo.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi alinieleza mwenyewe. Walipotezana barabarani wakati wa kukimbia vita, yeye na watoto upande huu, mumewe upande ule. Baadaye mtu waliyefahamiana naye alimletea habari kwamba mumewe alifariki kwenye kambi ya wakimbizi. Nilimshika mkono. Hakulia. Aliendelea kuniambia majina ya sungura, na tulikaribia kupitiliza kituo chetu.

Mzee wa mgahawa alikuwa amemweleza pia kuhusu shule moja inayofundisha kwa Kifaransa, iliyokuwa ikitafuta mtu wa kumsaidia mwalimu. Jumatatu nikamgongea mlango kumuuliza tutakwenda saa ngapi.

"Hapana," akasema, akijifunga kitambaa mbele ya kioo. "Leo ninaenda peke yangu. Weye nenda kazini."

Walimchukua. Vuli ile tulikutana kwenye lifti, amekumbatia rundo la madaftari, na hata salamu hatukuimaliza.

"Ona hii mwandiko!" akasema, akinifungulia daftari mojawapo. "Mutoto wa miaka kenda! Herufi zinalala kama zimelewa. Kwetu huyu angerudia ukurasa wote, na mama yake ningemwita."

Lifti ikafunguka kwenye ghorofa yetu, akatoka mbele yangu akiwa bado analalamika.