Ndege ya Mjomba na Lori la Ijumaa

Ijumaa, tarehe nane Agosti. Asubuhi ilikuwa na ukungu, mchana jua la kuchoma shingo, na kuanzia saa tisa mawingu yakajipanga upande wa Manga kama yalivyozoea. Mvua haijashuka bado ninapoandika, ila kuku wameshajipeleka ndani wenyewe.

Tumetoka kumzika mzee jirani yetu wa zamani, huku Gesima. Unayajua mazishi ya siku hizi, rafiki yangu: hema, vipaza sauti, na kijana wa kupiga picha anayerusha droni juu ya vichwa vya watu. Ilipita ikinguruma na hakuna aliyeinua uso, isipokuwa mtoto mmoja aliyekuwa ananyonya. Msemaji akaitazama, akakumbuka kisa cha ndege ya mjomba wangu. Akasimulia jinsi ndege ile ilivyokufa hewani ikaangukia shamba la chai la marehemu, na marehemu, kwa kuwa alikuwa mtu wa amani, hakudai chochote. Watu wakacheka kile kicheko cha mazishini kinachosaidia kupumua. Mjomba mwenyewe, aliyetoka Mosocho asubuhi kuja kuzika, alicheka pia.

Mimi sikucheka vizuri. Nilikuwapo siku ile, na sivyo nilivyoona. Lakini mimi si msomi, niliishia darasa la nane, na kumbukumbu ya mtoto ni chujio, mengine hupita. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona kwa macho, na pale ninapokisia nitasema ninakisia.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilikuwa nakaa kwa nyanya, ambaye kwa Kikisii tulimwita magokoro, kwenye mgongo wa kilima ambapo kila kitu kimeegemea: mashamba, nyumba, hata ng'ombe husimama miguu miwili juu na miwili chini. Asubuhi tulichuma chai na umande ukitulowesha hadi kiunoni, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Tukirudi, sufuria la ndizi lilikuwa linatokota, limefunikwa kwa jani la mgomba, na harufu ya lile jani likipata moto sijaikuta mahali pengine popote.

Mjomba ni kitinda mimba wa nyanya. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi baada ya kiwanda alichofanyia kazi kufungwa. Alirudi na begi moja na maneno machache kuliko begi. Akajifungia kwenye esaiga, kile kijumba cha vijana kilichokuwa kando ya boma. Watu wakiuliza, nyanya alisema anapumzika, na kupumzika kukazidi. Akilazimika kwenda mahali alipita migombani ili asikutane na mtu barabarani amuulize kazi.

Ndani ya begi alikuwa na ndege ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti, iliyovunjika mbawa, aliyopewa na bosi wake badala ya kutupwa. Siku moja nilimkuta ameitandaza kwenye gunia. Hakunifukuza. Alisema tu, "Shika hapa," na tangu hapo nikawa nashika.

Nyanya aliona maana ya hilo kabla yangu. Alinivuta kwenye moshi wa jikoni akaniambia, "Usimcheke mjomba wako. Hicho kitu kikimrudisha kwa watu, nitakiombea rozari. Kikimwaibisha mbele yao, hatatoka tena mle ndani." Kisha akaenda kwa mjomba na sauti nyingine kabisa: "Kirushe. Lakini kikigusa mtu, au ng'ombe wa mtu, nakitia jikoni nachomea mahindi."

Tuliiunda taratibu. Mbawa zilikuwa za lile povu gumu linalofungiwa televisheni mpya. Tuliziunga kwa gundi na vijiti, tukazifunga mwilini kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ili ikianguka zifyatuke badala ya kukatika. Mjomba akainyanyua kwa ncha za vidole viwili chini ya mbawa, na mkia ukalala. "Ikiwa hivi," alisema, "itainua pua angani kama mlevi, halafu irudi kinyumenyume." Akachonga kipande cha lile jiwe laini la Tabaka wanalochongea vinyago, akakitia puani, akapunguza, akaongeza, mpaka ndege ikatulia kwenye vidole vyake kama kipepeo.

Alikuwa na sheria zake. Rimoti huamka kwanza na hulala mwisho, alisema, maana ndege iliyowashwa bila rimoti ni mbwa asiye na mwenyewe. Betri ikishaingia, mkono usikaribie propela hata kama imesimama. Alinituma nitembee na ndege mbali hadi kwenye mikaratusi huku akichezesha mkia, kuona kama bado inamsikia. Ilimsikia, lakini akivuta kushoto, mkia ulikwenda kulia. Alirudi kwenye gunia akahamisha waya, akajaribu tena. Nakumbuka niliogopa, nikawaza: tusingeangalia, ingekuwaje?

Ardhi tambarare kilimani kwetu ilikuwa moja tu, uwanja mbele ya kituo cha kupimia chai. Chai iliyouzunguka upande wa chini ilikuwa ya mzee jirani, huyu tuliyemzika leo, mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuja mikono mgongoni akaitazama ndege.

"Kijana, hapo ndipo watu wetu hupanga vikapu. Na hicho kisu kinachozunguka hakina macho."

"Nitairusha uwanja ukiwa mtupu, mzee."

"Ikiwa juu, inakusikia wewe au inausikia upepo?"

"Mimi, mzee. Mpaka betri ichoke."

"Basi hiyo ni punda," alisema, akaondoka. Hakukataza. Naandika hivyo kwa sababu wapo wanaosema alikataza.

Mjomba akachagua Ijumaa alasiri. Lori la chai kwa kawaida lilifika giza likiingia, kwa hiyo alasiri uwanja ulikuwa wa mbuzi. Na hapa ndipo tulipokosea, sisi nyumba nzima, kwa sababu sisi ni Wakatoliki. Ijumaa kwetu ni siku kama nyingine. Zamu yetu ya kuchuma haikuangukia Ijumaa, kwa hiyo hatukuwahi kuona kinachotokea siku hiyo. Majirani zetu wengi ni Wasabato, na Sabato yao huingia jua likizama. Hakuna Msabato atakayesimama foleni ya mizani wakati huo. Kwa hiyo Ijumaa, lori lao lilikuja mapema.

Nilishika ndege juu ya kichwa changu, nikakimbia nikiukabili upepo kama alivyonifundisha, nikaiachia. Ilizama kidogo, kisha ikapanda. Ilipita juu ya mikaratusi ikilia kama nyigu, ikapinda, ikarudi. Nilisimama ubavuni kwa mjomba, macho yangu yakiwa sawa na rimoti. Vidole gumba vyake vilikuwa vinasogea kidogo kidogo tu. Nyanya alikuwa amekaa ukingoni na rozari mfukoni, akijifanya amekuja kuchunga ndama. Mjomba alitabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake likizo nzima.

Ndipo honi ikalia kwenye kona.

Watu walitoka migongoni mwa vilima na mabondeni pamoja, vikapu vikiwa vimejaa, wakikimbia kushika nafasi. Uwanja uliokuwa wa mbuzi ukawa wa watu. Watoto waliiona ndege wakaacha vikapu, wakaanza kuifuata kule inakokwenda, vichwa juu, hawaangalii wanapokanyaga. Mke wa mzee jirani alikuwa katikati na mtoto mgongoni.

"Tokeni chini yake," mjomba aliita. Lori lilikuwa linanguruma. Hakuna aliyesikia.

Upepo wa kabla ya mvua ukaanza. Ndege ikasukumwa upande wa nyaya za umeme, akairudisha. Ikapanda, ikayumba, akaituliza. Mlio wake ulikuwa umeanza kuwa mwembamba. Alizunguka mara moja, akazunguka tena, akingoja uwanja ufunguke, na kila alipozunguka watoto walizunguka nayo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo tunapoachana na msemaji wa leo. Kulikuwa na nafasi moja, ukanda wa nyasi kando ya barabara. Niliuona na mjomba aliuona, kwa sababu aliielekeza ndege pale na ikaanza kushuka vizuri kabisa. Ingetua nzima, na watu wote wangemwona. Halafu wavulana wawili wakakata kona kuelekea palepale. Labda wangewahi kupita. Labda ingepita juu yao. Sitaki kudanganya.

Mjomba aliigeuza kuelekea bondeni, kwenye chai. Nikaona kidole gumba cha kushoto kikivuta kijiti cha mota hadi chini kabisa, na mlio ukakatika. Kidole kilitangulia, mlio ukafuata. Kisha akasukuma pua chini. Ndege ilipiga chai pale juu ilipokatwa sawasawa kama mkeka, povu likapasuka kwa sauti ya mtu anayevunja muwa.

Uwanja mzima ukacheka.

"Rubani, abiria wako wazima?"

"Nairobi imeishiwa mafuta."

Nilimtazama nyanya. Alikuwa anamtazama mjomba kama mtu anavyotazama sufuria la maziwa linalotaka kufurika. Mzee jirani aliweka kikapu chini, akaingia mwenyewe kwenye chai yake, akiyatenganisha matawi kwa mikono asivunje vichipukizi. Alirudi na ndege vipande vitatu.

"Betri ilichoka?" akauliza.

Mjomba aliwaangalia wale wavulana wawili, ambao sasa walikuwa wanacheka kuliko wote. "Ilichoka, mzee."

Nilifungua mdomo. Nyanya alinifinya mkono wa juu hadi nikaufunga. Kwa nini mjomba alijibu vile, hapa ninakisia: angesema kweli, lawama ingewaangukia wenye watoto na wenye lori, na ilikuwa Ijumaa yao, walikuwa na haraka ya kwenda kupumzika.

Kwa haki, niandike na hili. Jioni alichomeka ile betri na propela ikazunguka kwa nguvu. Niliruka nikasema, "Si umeona, haikuchoka." Akaniambia betri ikipumzika huamka kidogo. Hilo pia ni kweli, nimeliuliza kwa mafundi.

Tulingoja ajifungie. Nyanya hakulala vizuri, nilisikia shanga za rozari. Lakini Jumapili baada ya misa mjomba alikwenda Birongo kutafuta gundi, na alipita barabarani. Walimwita Rubani kutoka kibanda hadi kibanda, naye akawapungia mkono. Miezi michache baadaye alikuwa na meza pale sokoni, anatengeneza redio na simu. Mimi nadhani kiwanda kilivunjika bila kumuuliza, lakini ndege aliivunja yeye. Labda ndiyo maana alitoka. Labda ni gundi tu.

Esaiga ilibomolewa. Uwanja sasa ni maduka, na chai ile nusu imeng'olewa ikapandwa mikaratusi. Nyanya amelala nyuma ya nyumba, na leo mzee naye. Waliocheka siku ile wamebaki wachache, na hao wachache wana kisa chao kizuri, kinampa marehemu sifa anayostahili kwa mengine mengi.

Leo langoni nilimuuliza, "Mjomba, ilikuwa betri?"

Alikuwa anapanda bodaboda. "Wewe ulikuwa mfupi," akasema. "Watu wote walitazama juu. Wewe peke yako ulikuwa sawa na mikono yangu." Akafunga kofia, akasema anaiwahi mvua.

Jioni tumekula ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, iliyolazwa kwenye maziwa hadi uchungu ukaisha. Nilikuwa nimeshampakulia mjomba kabla hajaondoka. Sahani yake wameigawana watoto.