Mume Wangu Alimpa Mamake Vioo Vyangu Avioshe

Dada huyu ametuandikia kutoka Kilungu. Majina tumeyabadilisha. Msomeni kwa upole kabla ya kumjibu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina binti mmoja, Mwende. Nilikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kurudi chuoni Nairobi kusomea shahada ya pili ya fizikia. Mume wangu pia ni mwalimu. Siku ya kwanza ndiye aliyenibebea sanduku, nikadhani amekubali kwa moyo.

Kazi yangu ilikuwa kupaka vioo vidogo utando wa oksidi ya tungsteni, ile metali ya waya wa balbu. Utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, tena kwa mbali sana. Ukiupitishia umeme kidogo ndani ya asidi unageuka buluu, ukiugeuza umeme unakuwa wazi tena. Nilikuwa nipime mwanga unaopita katika hali zote mbili, maana siku moja dirisha la namna hiyo linaweza kuzuia jua letu la Ukambani bila pazia. Mashine ya kupakia utando huo iliharibika nilipomaliza kioo cha mwisho. Vioo hivyo ndivyo vilivyokuwa masomo yangu yote.

Kisha chuo kikafungwa kwa sababu ya mgomo, tukaambiwa tuondoke. Niliogopa kuviacha. Nikavifunga kwa pamba ndani ya mkebe wa biskuti, nikavileta nyumbani na kuviweka juu ya kabati. Nilimweleza mume wangu kwamba hata kidole kisiviguse.

Jumamosi moja nilienda mkutano wa akina mama kanisani. Niliporudi nilivikuta kwenye kichanja cha vyombo, vinameremeta kando ya vikombe. Mama mkwe alikuwa amevisugua kwa majivu. Maji ya majivu huyeyusha utando ule, hakuna kilichobaki. Nilikaa chini palepale uani nikalia.

Yeye maskini alishtuka. Akasema vilikuwa na rangirangi kama mafuta ya taa yakimwagika majini, akadhani ni uchafu. Kisha akaniambia, "Baba Mwende ndiye aliniletea. Alisema umechoka, nikusaidie kuviosha."

Nilimuuliza mume wangu, nikimwomba Mungu moyoni akane. Hakukana.

"Mama Mwende, kila ukija nyumbani ni vioo tu," alisema. "Nilitaka mke wangu arudi."

Sasa chuo kimefunguliwa. Profesa wangu ametuma habari kwamba mashine imetengenezwa na naweza kuanza upya, lakini lazima nikae huko mpaka nimalize, kwa kuwa muda wangu unaisha. Mume wangu anasema nikiondoka, Mwende anabaki, na nisijisumbue kuja kumwona. Mama mkwe haongei na mwanawe tena. Juzi tukichuma mbaazi alinishika mkono akasema, "Mwana wakwa, mwanangu, enda. Mtoto nitamlea." Lakini yeye ni mzee, na boma lina mwenyewe. Mwende naye akiniona nikikunja nguo yoyote, anaanza kulia.

Sili vizuri, sisali vizuri. Nikienda, nitampoteza mtoto wangu. Nikibaki, nitampikia kila siku mtu aliyetumia mikono ya mama yake mzazi kunimaliza. Ninyi akina mama na akina baba mnaosoma ukurasa huu, kama ningekuwa binti yenu, mngeniambia niende au nikae?