Mvunja Hoteli Alilala Ukumbini Kwetu

Jamani, leo aliyekuja kutuvunjia hoteli amelala ndani yake, tena akakoroma!

Ami yangu ataka hoteli yetu ya Mji wa Kale ibomolewe, ijengwe kubwa ya mabati, ivute abiria wa hii reli mpya. Mie na mamangu tumekataa katakata. Ni nyumba ya babu hii! Kuta za mawe, unene wa dhiraa nzima, na dari ya chokaa waliyoitwanga bibi na wenziwe huku wakiimba.

Basi ami akamleta fundi wake mzungu atoe hukumu. Kafika jua la utosini, shati limemganda mgongoni. Ofisi yake ni ya mabati, msicheke.

"Nyumba hii imechoka," akasema, akaketi ukumbini kwenye ubaridi wa mawe.

Mamangu akampa sharubati. Hakuimaliza. Kidevu kifuani, khorrr!

Na kwetu mgeni haamshwi. Ami akangoja, ramani mapajani, mpaka adhana ya alasiri.

Fundi akazinduka, akapangusa mdomo, akauliza kwa haya: "Mna chumba cha kupanga?"

Nyie mngemjibuje?

Mamangu hakumtazama yeye, alimtazama ami:

"Vyumba vipo, bwana. Ila vya mabati hatuna."