Mama Alichagua Chumba cha Juu

Kwetu Usambara mtu hajengi bondeni. Bondeni hulimwa kabichi na miwa, na ukizidi kushuka unafika nyika, ambayo wazee wetu waliijua kwa jambo moja tu, homa. Nyumba hukaa mgongoni mwa mlima, mahali penye upepo. Mama yangu alizaliwa juu, akaolewa juu, na matunda damu yake aliyauzia juu, pale sokoni Lushoto. Alishuka Mombo mara chache sana, na kila aliporudi alinawa miguu kabla ya kuingia ndani, asije akailetea nyumba yake mambo ya nyika.

Nayasema haya mwanzo ili mtakapofika pale alipokosea msimcheke. Nikisema kweli, mimi nilimcheka kidogo, lakini mimi ni mwanawe, nina ruhusa.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, mwalimu wa Lushoto akipelekwa Bukoba na wa Bukoba akiletwa Lushoto, tujuane, tuwe watu wa nchi moja. Dada yangu alipangiwa Bukoba yeye na mumewe. Huko akapata mimba yake ya kwanza, na mtoto akafa siku ya kuzaliwa. Habari ilitufikia kwa simu ya maandishi, nikaisoma mimi. Mama hakulia mbele yangu. Aliuliza tu, "Nani alimshika?" Nikamwambia karatasi haikusema. Swali hilo alilirudia wiki nzima, akimenya viazi, akifagia uwanja, kana kwamba kosa lote lilikuwa kwamba mtoto yule alikuja duniani pasipo mikono ya kwetu ya kumpokea.

Kwa hiyo dada aliposhika mimba tena, mama alitangaza kwamba huyu atampokea mwenyewe. Baba alisema Bukoba ni mbali. Mama akasema anajua ni mbali, ndiyo maana anaanza kufunga mzigo mapema. Mimi nilikuwa mwalimu mpya shule ya msingi, nikaomba likizo nimsindikize.

Basi la mlimani likatushusha Mombo, treni ikatubeba, tukabadili treni, tukaivuka nchi ambayo mama aliitazama dirishani kwa mashaka makubwa. "Hawa wanajenga wapi?" aliuliza tulipopita tambarare isiyo na hata kilima. Nikamwambia wanajenga papo hapo. Akawaonea huruma mpaka Tabora.

Mwanza tulikwenda ofisi ya meli tukiwa na vumbi la reli mwilini. Tulitaka vitanda viwili daraja la pili, kwa sababu daraja la tatu watu hukaa juu ya mizigo yao mpaka Bukoba, na mama alitakiwa kufika na nguvu zake. Karani alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinuka kitini, jambo lililompendeza mama kuliko meli yenyewe, kisha akatueleza kwamba kuna njia mbili.

"Ya kwanza, mama, nawakatia vitanda vya uhakika. Safari mnayo, hakuna wa kuwaondoa. Ila chumba gani, mtaambiwa mkishapanda. Ya pili, mnachagua chumba wenyewe hapa ubaoni. Lakini akitokea mtu wa kazi ya serikali akakitaka hichohicho, ninyi mnangoja meli ijayo."

Mimi nilikwisha fungua mkoba. Jambo lilikuwa wazi kama mchana. Dada alikuwa amebakiza siku chache, na meli ijayo huenda ingemkuta mtoto tayari yuko mgongoni.

"Tupe vya uhakika," nikasema.

"Ngoja," akasema mama. Akausogelea ule ubao uliochorwa meli na vyumba vyake. Hakujua kusoma, lakini mchoro aliuelewa mara moja, maana juu ni juu. "Hiki cha huku juu kabisa, kina mtu?"

"Hakina, mama. Bado."

"Na ukitukatia hivyo vya uhakika, unaweza kutuweka huku chini?"

"Inawezekana. Hata humu, karibu na maji."

Mama akaniangalia kama mtu aliyekuwa karibu kuuzwa. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu, ambayo najua haipendi, kwamba mchagua jembe si mkulima.

"Jembe langu nililichagua," akajibu, "na kwa jembe hilo umesoma. Mwanangu, chakula nitakula chochote nitakachopewa. Pa kulala napachagua. Nikilala bondeni nitafika na homa, na mwenye homa hapewi mtoto mchanga."

Karani akanitazama mimi, nikamtazama yeye, akachukua kalamu. Hasira zangu huwaka upesi, na siku ile ziliwaka mpaka gatini. Kila mwanamume mwenye suti ya kaunda aliyepita na mkoba nilimwona kuwa ndiye mtu wa serikali aliyekuja kutunyang'anya kitanda. Mama alikaa juu ya kapu lake la peasi, ametulia. Nilimuuliza haogopi kuachwa? Akasema anaogopa sana, lakini kuogopa hakumzuii mtu kukaa vizuri.

Hakuja mtu. Tukakipata chumba chetu cha juu, mbele kabisa, chenye dirisha la duara. Mama alikikagua kama anayekagua kiwanja. Aligonga ukuta, akanusa hewa, akachungulia nje kuona kama kuna nyumba nyingine juu yake. Haikuwepo. Alifurahi waziwazi, akaniambia, "Umeona?" Nikakiri kwamba nimeona.

Meli iling'oa nanga jioni, jua likiwa bado lipo. Tulipoyapita mawe makubwa ya Mwanza na kutoka penye kinga, ziwa likaanza. Sikujua kwamba ziwa lina mawimbi ya namna ile. Na jambo ambalo hakuna mtu wa mlimani angeweza kulijua, kwa kuwa mlima haujawahi kuyumba, ni kwamba kwenye meli aliye juu ndiye anayetupwa zaidi. Chumba chetu kilipanda, kikasita, kikaanguka upande, kikarudi. Mama alishika ukingo wa kitanda. Alitapika chai, akatapika mkate wa Mwanza, akatapika na kile ambacho tumbo lilikuwa halina. Kati ya tapiko na tapiko aliniomba radhi kwa ajili ya sakafu, na hilo ndilo lililonitia uchungu.

Mlango ulikuwa wazi tupate hewa. Mwanamke mmoja wa Kihaya, mtu mzima, alikuwa akipunga upepo pale nje, akamwona. "Pole, mama," akasema. "Nani aliyewaweka huku?"

Mama akainua kidole akajionyesha mwenyewe.

Yule mama hakucheka. Alitwambia yeye amekata tiketi ya chumba chochote, akapewa cha chini kabisa, katikati ya meli, na vitanda viwili humo havina watu. Huko chini, akasema, meli hutikisika kidogo tu, kama mtoto anayebembelezwa. "Twendeni. Mkibaki hapa mtafika mkiwa mmebebwa."

"Ahsante, dada yangu," mama akasema. "Sisi hatulali chini."

Nikaanza kumweleza, akanikatiza kwa mkono. Ule mkono ukabaki hewani, naye akautazama. Ulikuwa unatetemeka. Akauinua wa pili, nao vilevile. Akaviweka viganja vyote viwili mapajani, akavikandamiza, akaviachia, vikatetemeka tena. Nilijua anachowaza kana kwamba amekisema, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hichohicho. Mikono ile ilikuwa imetoka Lushoto kwa kazi moja.

"Nishike," akaniambia.

Tukashuka ngazi ya chuma. Alikanyaga kila kipandio akisema Bismillahi, taratibu, nami nyuma yake na kapu la peasi. Nimewaona watu wakisifiwa ushujaa kwa mambo mengi, na mengine nimeyashangilia. Lakini mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni kwamba chini ndiko kunakofia watu, kumwona akishuka kwa miguu yake mwenyewe, akiumwa, mpaka pale ambapo maji yanasikika ukutani usawa wa kichwa, huo ndio ushujaa ninaoupima nao mwingine wote. Alipofika chini alisimama, akausikiliza ule ukuta, akamuuliza mwenyeji wetu kitanda kipi ni chake asije akakikalia. Kisha akalala, na yule mama akakaa kando kusali rozari yake.

Asubuhi aliamka akaomba chai. Alikula na peasi mbili, moja akampa mwenyeji wetu, ambaye hakuwa amewahi kuionja. Gatini Bukoba shemeji alitupokea akisimama mbali na mama mkwe wake kwa heshima, shikamoo yake akiitoa huku amekiinamia kiatu chake. Mama aliitikia, kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama dada ameshajifungua. Shemeji akakiambia kiatu kwamba bado.

Mtoto alizaliwa siku ya pili yake, hospitalini, wa kike. Muuguzi alitoka naye amefungwa kitenge, akauliza nani bibi yake. Mama alisimama, akanyoosha mikono. Niliitazama ile mikono, wala sikutazama kitu kingine. Ilikuwa imetulia kama imeshika beseni la maji ya kuazima.

Alikaa Bukoba mpaka arobaini ikaisha, ndipo tukarudi. Nyumbani, jirani zetu walikuja kusikia habari za ng'ambo ya ziwa. Walikula ndizi tulizokuja nazo, wakauliza kuhusu mtoto, kuhusu treni, na mwisho mmoja wao akauliza kwenye meli mtu analala wapi.

"Chini," mama akasema.

"Chini wapi?"

"Chini. Maji yako huku," akaweka kiganja juu ya utosi wake.

Wote walikuwa watu wa mgongoni mwa mlima. Yule jirani akamuuliza kwa sauti ndogo, "Na hukuogopa?"

"Niliogopa," mama akasema. "Lakini mwanangu alikuwa ng'ambo."