Kiyoyozi cha Mzee Swaleh

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la vifaa vya stima mjini Kisii, Fundi Mkuu alinikabidhi bisibisi na neno moja. "Kerubo, kwetu huku milimani baridi ni ya bure. Mtu akija kununua kiyoyozi, muulize kwanza ni cha nani."

Kwa miaka nilifunga viyoyozi vya ofisi tu, nikasahau kuuliza. Ndipo akaja Mama Salma. Mumewe, Mzee Swaleh, alikuwa mwokaji mikate, na moto wa tanuri ulikuwa umemchoma kifua na mgongo. Ngozi yenye makovu haitoi jasho, kwa hiyo hata jua la kawaida lilimtesa. Nilimuuzia kiyoyozi kikubwa cha bei nafuu. Lebo yake ilikuwa na nyota moja.

Baada ya wiki tatu nilipita kukagua. Kilikuwa kimezimwa, na Mama Salma alikuwa akimkanda mumewe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

"Kimeharibika, Mama?"

"Hapana, mwanangu. Kinamaliza tokeni za stima tulizonunua mapema mno. Mzee amesema nikizime, angalau tubaki na taa."

Nilitoka nimeinamisha kichwa. Nyota zile huonyesha ubaridi unaoupata kwa kila uniti ya stima; zikiwa nyingi, mashine inakula kidogo kwa kazi ileile. Nilijua hilo. Sikumwambia.

Meneja wa duka alikataa kukibadilisha. "Ukuta umeshatobolewa, Kerubo. Hakirudi."

"Basi twende ukamwambie mwenyewe, bosi."

Alikubali. Chumba cha Mzee kilikuwa chini ya mabati, na ilikuwa mchana. Haukupita muda mrefu meneja akavua koti, akalegeza tai. Mzee Swaleh akamnyooshea kitambaa chake. "Jipanguse, mwanangu. Mimi nimezoea."

Meneja alikishika kile kitambaa, akajipangusa uso. Kisha akanigeukia. "Mletee kile kidogo cha nyota tano. Hiki tutakifunga dukani."

Tulikifunga kile kidogo kesho yake, tukaziba na nyufa za dirisha.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Nyamira, nikawa fundi mkuu mimi mwenyewe. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Magwagwa. Vijana wa kazi hii huja kuniuliza jinsi ya kusoma lebo. Huwaeleza nyota, huwaeleza kupima chumba. Halafu huwaambia alichonieleza Mama Salma siku nilipokwenda kumpa pole, Mzee alipofariki.

"Hakuwahi kukiita kiyoyozi," alisema, akicheka huku analia. "Wageni wakiingia, alikuwa akiniambia: 'Mama Salma, hebu washa Kerubo.'"