Treni Namba Nane Inaomba Njia

Kwa miaka mitatu niliongoza treni za njia moja ndogo ya Ujerumani kutoka jikoni kwangu, Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa Brussels, na sikuwahi kuziona. Njia yenyewe ilikuwa juu ya meza, ghorofa mbili chini ya miguu yangu, nyumbani kwa mzee mmoja Mbelgiji aliyefiwa na mkewe. Alinipigia simu saa kumi na moja jioni, kila siku isipokuwa Jumapili, kuniomba ruhusa ya kupita.

Kwetu Katanga nilikuwa régulateur, yaani yule anayekaa na simu na karatasi na kuamua treni ipi itangulie na ipi isubiri. Hakuna dereva aliyethubutu kusogea bila sauti yangu. Nilipofika Brussels, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipata kazi ya kusafisha ofisi alfajiri. Saa saba mchana nilikuwa nimesharudi nyumbani, sina hata wa kumwambia kwamba nimerudi. Treni za kwenda Gent zilipita karibu na dirisha langu bila kuniuliza chochote. Nilikuwa mpweke, wala sioni sababu ya kulipamba neno hilo.

Mazoea yana taabu. Jumapili baada ya misa nilikuwa nasimama kwenye stesheni yetu, na kila treni ikipita naitazama mkiani, kuona kama taa ya nyuma ipo. Taa ikiwepo, treni imepita nzima, haijaacha behewa njiani. Wasafiri wote hutazama kichwa cha treni. Anayetazama mkia ni mtu wa reli tu. Siku moja yule mzee akanisogelea, akaniuliza nilifanya kazi reli gani. Tulikuwa tumepanda lifti moja miaka na miaka bila kuvuka salamu ya bonjour.

Nikamwambia. Naye akanieleza habari za njia yake. Ujanani alikuwa askari wa Ubelgiji huko Ujerumani, na kila Ijumaa alishuka bondeni kwa kigari kimoja chekundu cha reli kwenda kupumzika mjini. Njia ilikuwa imejengwa kubeba mawe kutoka machimboni, kisha ikabeba maziwa, watoto wa shule, na askari kama yeye. Reli ilikuwa moja tu, bila taa za kuongoza. Dereva akifika stesheni alishuka, akafungua kisanduku cha simu ukutani, akamwambia msimamizi aliyekaa mjini: nimefika, treni ni nzima, naomba njia. Baadaye abiria walihamishiwa kwenye mabasi, mawe yakapakiwa kwenye malori, na reli zikang'olewa. Yeye akaijenga upya juu ya meza, stesheni tano.

"Ninakosa msimamizi," akasema.

Nilidhani ananialika kwake. Kumbe wapi! Kule Ujerumani msimamizi hakuwa akiziona treni, kwa hiyo na mimi nisizione. Mimi nibaki juu na simu na karatasi, yeye abaki chini na treni. Nilikubali haraka, kwa haraka inayotia aibu kidogo.

"Treni namba nane, stesheni ya kinu, imefika nzima. Inaomba njia hadi machimboni."

Nami naangalia karatasi, narudia maneno yake, naandika saa, natoa njia. Ratiba ya jioni ilichukua kama saa nzima. Hatukuzungumza lingine. Sikumwambia kwamba mama yangu alizikwa Lubumbashi mimi nikiwa huku, na yeye hakumtaja mkewe. Lakini ikifika saa kumi na nusu nilikuwa nimeshaoga na kuvaa shati safi.

Mdogo wangu wa kike, ambaye huniita yaya, yaani mkubwa wake, alicheka sana kwenye simu.

"Bon, yaya, ule muzungu anakuombaka ruhusa kila siku. Alors, hata kahawa hajakupatiaka?"

"Ni règlement, ni kanuni ya kazi," nikamjibu.

"Règlement ya nini? Bantu babili, nyumba moya, donc munaongeaka na simu?"

Nikakata simu mapema, nikasingizia mtandao. Alikuwa amegusa penyewe. Nilitaka siku moja yule mzee aseme, shuka tunywe kahawa. Sikutaka kingine.

Jioni moja, nikiwa bado nalifikiria jambo hilo, nilitoa njia kwa namba nane kabla namba tano, iliyokuwa kwenye reli hiyohiyo, haijaripoti kufika. Kisha mzee akasema, "Zimegongana darajani," akakata. Siku nne hakupiga. Katika miaka yangu yote ya kazi Katanga sikuwahi kugonganisha hata toroli. Nililia, mtu mzima na mvi zangu, kwa ajili ya treni za kuchezea. Siku ya tano akapiga, akaomba njia, na ajali hatukuitaja tena.

Halafu, katika majira ya baridi ya mwaka wa tatu, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wabebaji wa ambulensi walipomteremsha alinipa ufunguo, mkono ukimtetemeka, akaniomba nimpelekee pajama na miwani. "Chumba cha nyuma usiingie," akasema.

Niliingia.

Meza ilikuwa ndefu, ina vilima vya plasta, kinu, daraja, na stesheni tano zilizopakwa rangi kwa uangalifu. Treni haikuwepo hata moja. Nilitafuta chini ya meza, nikafungua kabati. Vumbi lilikuwa limelala juu ya reli, na hakuna gurudumu lililolipitia. Kando ya kiti kulikuwa na simu na kitabu cha ratiba.

Nilishikwa na hasira ambayo sikuijua. Miaka mitatu ya shati safi! Hospitalini nilimwachia muuguzi mfuko mapokezini, sikupanda wodini. Kesho yake sikwenda, wala keshokutwa. Saa kumi na moja ilifika na kupita, jikoni hakuna sauti isipokuwa ya friji, na hapo nikagundua kwamba hasira nayo si mwenzi wa kukaa naye.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Uliingia," akasema mzee.

"Niliingia."

"Mikono ilianza kutetemeka kabla sijakufahamu. Nilikuwa naziangusha treni. Nikazigawa zote."

"Na ile ajali ya darajani?" Nilitaka aone haya.

"Ulitoa njia kwa treni mbili," akasema. "Ungetaka nifanyeje? Siku nne nilikuwa natoa mabehewa mtoni."

Hakuwa akitania. Nilisikia jinsi zilivyomchosha siku zile nne, peke yake kwenye kile kiti. Nikamwambia akate simu. Nikavaa koti, nikachukua karatasi na kalamu, nikapanda tramu.

Aliponiona mlangoni alifadhaika. Msimamizi hakai na dereva, akasema. Nikavuta kiti nikakaa karibu na kitanda. Mwishowe akaugeuza uso wake ukutani, ili asinione, akasema kwamba namba nane iko stesheni ya kinu, ni nzima, inaomba njia. Mkono wake aliuacha upande wangu. Nikaushika, nikampa njia.