Laini Zote za Kaka Yangu

Neno la Kiingereza nililolijua kabla ya mengine yote ni laini, na mpaka leo sijalimaliza. Shuleni kwetu, upande wa Ahero, mwalimu wa darasa la tatu alitufundisha kwamba ni mstari unaochorwa kwa rula. Nikaandika hivyo, nikapata alama ya sahihi, nikadhani mambo yamekwisha.

Kaka yangu mkubwa, ambaye aliacha shule mapema kuliko mimi, ndiye aliyenionyesha yaliyobaki. Alinipeleka Dunga kwa mjomba wetu mvuvi, na pale laini ilikuwa uzi mrefu wenye ndoana nyingi. Baadaye, katika miaka ya sitini, akapata kibarua cha kuchimba mashimo ya nguzo za simu, na hapo laini ikawa waya. Watu wa mjini walisema laini imekatika, laini ni mbovu, laini ina mtu mwingine ndani. Mama aliposikia hilo la mwisho alimwonea huruma yule mtu. Reli nayo ilikuwa laini. Watu waliosimama mbele ya dirisha la posta Kisumu walikuwa laini, na ukijipenyeza mbele yao uliambiwa, "Bwana, shika laini," ingawa hapakuwa na kitu cha kushika.

Mwishowe kaka akaandikwa kazi ya kukata miwa Muhoroni. Huko kila mkataji alipewa laini yake ya miwa, na jioni alirudi kulala laini, yaani kwenye nyumba za wafanyakazi, vyumba vilivyounganishwa kama mabehewa. Siku moja nilimuuliza anaishije. "Asubuhi napanga laini, mchana nakata laini, jioni narudi laini," akasema. Mtu wa pwani, ambaye kwake laini ni kitu kisicho kigumu, angemwonea wivu.

Alifia huko, kwa homa ya siku tatu, miaka ya sabini ilipokuwa imeanza. Mimi nilikuwa mpakiaji mizigo Kisumu. Habari niliipata kwa dereva wa lori, nikaweka gunia chini na kwenda nyumbani.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mwanamume mzima hazikwi katika boma la baba yake kama hana nyumba pale. Chumba cha kazini hakihesabiwi. Kwa hiyo kaka yangu, kabla ya kuzikwa, ilibidi ajengewe nyumba, aingizwe ndani yake, halafu atolewe azikwe kando yake. Tulikuwa na siku mbili, na mvua ya masika ilikuwa imeugeuza uwanda wote kuwa uji wa udongo mweusi.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliandika. Ndugu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Akijenga, amemruka mwenzake, na balaa inayotokana na hilo, ambayo tunaiita chira, inaweza kumwangukia yeyote katika boma. Mimi nilikuwa nimejenga. Miaka miwili kabla, nilikwenda Muhoroni kumwomba kaka aje aanze yeye, hata kwa kusimamisha nguzo tu. "Ngoja kidogo, omera, ndugu yangu," aliniambia. "Mwaka huu miwa imenibana." Mke wangu na mtoto walikuwa wakilala jikoni kwa mama. Nikarudi nikawaambia mama na baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma tangu baba afariki, kwamba kaka ameniruhusu. Hakuniruhusu. Nikajenga. Alipokuja Krismasi akaikuta nyumba, alikaa ndani, akanywa chai vikombe viwili, akausifu mlango. Hakusema kitu kingine. Ningependelea anipige.

Maiti ilifika Alhamisi asubuhi juu ya trela la miwa lililovutwa na trekta. Pamoja nayo walikuja wafanyakazi wenzake kama kumi na wawili, wa makabila mbalimbali, na mnyapara wao, mtu mnene mwenye koti la mvua. Kwa ajili yao boma zima lilizungumza Kiswahili siku zile mbili, kila mtu cha kwake. Jeneza likawekwa chini ya turubai, na baba mdogo akatoka kupima kiwanja kwa uzi wa kuvulia, maana kamba zote zilikuwa zimefungiwa ng'ombe.

"Mzee, laini yako imelegea," mnyapara akasema. "Ukuta utapinda."

"Upinde," baba mdogo akajibu. "Anayehamia hatalalamika."

Tukajenga. Nguzo ziliingia kwenye udongo ule bila kuchimba, na nyingine ziliendelea kuingia hata baada ya kuachwa. Ukatokea ubishi kuhusu dirisha. Dereva wa trekta, kijana wa kutoka Mkoa wa Kati, alitaka kujua kama ni lazima liwepo.

"Nyumba gani haina dirisha?" mama akauliza.

"Lakini Mama, likiachwa wazi wezi wataingia."

"Waibe nini?"

Dereva akatazama ndani, akakubali, dirisha likatobolewa. Kisha jirani mmoja akasema mlango uwe na komeo, kwa sababu marehemu alikuwa mtu anayejiheshimu. Komeo likatafutwa nusu saa, likapatikana, likapigiliwa kwa ndani. Hakuna aliyeuliza nani atalifunga.

Ijumaa mchana fito za paa zilikuwa zimesimama, nasi tukaishiwa nyasi. Nyasi za uwandani zilikuwa chini ya maji. Wafanyakazi walikuwa wamekuja na majani ya miwa, wakaezeka nayo upande mmoja, upande wa pili ukabaki mbingu. Baba mdogo alisema waziwazi kwamba nusu ya paa si paa, na kwamba mtu hawezi kuzikwa kando ya kitu kama kile. Maiti ilikuwa haiwezi kungoja zaidi ya Jumamosi. Wote tulilijua hilo kwa pua.

Mnyapara, akipumzika, akaitazama nyumba yangu upande wa pili wa boma.

"Hii nzuri ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Akashangaa. "Basi yeye alikuwa akituambia nini? Mpaka mwezi jana, laini yote imesikia: mwaka huu najenga kwetu, ndipo mdogo wangu afuate. Maskini, hakujua kama umeshajenga?"

Alijua. Alikunywa chai ndani yake. Baba mdogo akanigeukia. Aliniuliza polepole, kama mtu anayetaka kusaidiwa, "Wewe ulituambia alikuruhusu. Alikuruhusu?"

Ningesema ndiyo, pasingekuwa na wa kunipinga. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Lakini jeneza lilikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa, na nusu ya paa la kaka ilikuwa mbingu.

"Hakuniruhusu," nikasema. "Nilisema uongo."

Manyunyu yakaanza, na wazee wakahitaji mahali pakavu pa kunihukumu. Wakaingia nyumbani kwangu. Wakakaa kwenye viti vyangu, wakajadili kama nyumba ile iangushwe.

"Iangushwe leo," mmoja akasema.

"Leo tutakaa wapi?" mwingine akauliza.

Walijadiliana mpaka mke wangu akawapikia uji, wakaunywa, wakaendelea. Mwisho baba mdogo akatoa neno. Nyumba isiyo na paa haihesabiwi kuwa nyumba, na sisi sote tulikuwa tumekwisha kukubaliana juu ya hilo mchana uleule. Basi yangu iezuliwe. Ikiezuliwa, mimi sijajenga. Kama sijajenga, kaka yangu hajarukwa na mtu, naye atakuwa wa kwanza.

"Kwa hiyo huyu anarudi nyuma kwenye laini," dereva akasema, akichungulia mlangoni.

"Anarudi nyuma."

"Na hizo nyasi zake?"

Wazee wote wakainua vichwa, wakalitazama paa. Lilikuwa limeezekwa vizuri. Nililipa fundi wa mbali.

"Nyasi hazina kosa," baba mdogo akasema.

Nikapanda mimi mwenyewe. Mke wangu alikuwa chini akikusanya vyombo.

"Sufuria nipeleke wapi?"

"Kwa mama."

"Tena?"

Nilifungua kamba, nikateremsha matita moja baada ya jingine. Wafanyakazi wa miwa walijipanga kutoka ukuta wangu hadi ukuta wa kaka, wakapokezana nyasi mkono kwa mkono, wakitaniana kwamba hawajawahi kuona mtu akihama huku amebaki. Nililia huko juu, lakini mvua ilikuwepo, kwa hiyo sikusumbua mtu. Saa kumi na moja paa la kaka lilikuwa kamili. Wakamwingiza, mama akawasha moto kwenye mafiga ili moshi utoke na nyumba ijulikane kuwa ina mwenyewe.

Jumamosi mchungaji alipofungua kitabu uani, mvua ikaja kweli. Hapakuwa na pa kukimbilia ila nyumbani kwa kaka. Waliingia wote: wazee, mnyapara, dereva, wanawake na vyungu vyao, wamembana marehemu kila upande. Huko Muhoroni chumba chake hakikuwahi kutosha wageni watatu. Mama alisimama mlangoni akisema karibuni, karibuni, sogeeni ndani, kama vile mwenye nyumba amechelewa kazini tu.

Mimi nilibaki nje, kando ya kuta zangu zilizokuwa zikiyeyuka.

"Ingia!" mama akaniita.

"Sijui kama naruhusiwa."

Baba mdogo akatoa kichwa dirishani. "Safari hii unauliza," akasema. "Vizuri. Sasa ingia, utaugua, na wewe hatuna nyasi za kukuezekea."

Nikaingia. Mtu mmoja alijibana nikapata nafasi kichwani pa jeneza. Paa lilivuja mahali pengi, lakini si juu yake. Mchungaji akaomba kwa sauti kubwa kushinda mvua, na ilipopungua tukambeba nje, kulia mwa mlango wake, tukamzika.